Paka wa rangi tatu, shume mweusi na mtoto mweupe: baba ni yupi?

"Daktari, nina paka jike wa rangi tatu: nyeusi, chungwa na nyeupe. Nyumbani tuna shume mmoja tu, mweusi tii kuanzia pua hadi mkia, hana unywele mweupe hata mmoja. Jike amezaa watoto watano, sasa wana wiki kumi. Madume wawili ni wa chungwa wenye milia, dume wa tatu ni mweusi, jike mmoja ni wa rangi tatu kama mama yake, na jike wa mwisho ni mweupe pee, jicho moja la bluu na jingine la manjano. Jirani yangu anacheka, anasema shume wangu amesingiziwa, maana paka mweusi hawezi kuzaa watoto wa chungwa. Mama mkwe anasema huyo mweupe ametokea hivyo kwa kuwa mama yake alishtuka akiwa na mimba. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba vyombo vikianguka wenzake hutimka, yeye amelala tu. Baba ni yupi? Huyu mweupe ni albino? Na nikimpandisha dume mmoja wa chungwa kwa dada yake wa rangi tatu, nitapata madume wa rangi tatu? Nasikia ni adimu sana."

Jirani yako amepata jibu sahihi kwa hesabu mbovu. Ndiyo, inaelekea paka wako alipandwa na shume mwingine mbali na huyu wa nyumbani. Lakini watoto wa chungwa anaowanyooshea kidole hawathibitishi lolote. Wanaweza kabisa kuwa wa shume wako mweusi. Aliyetoboa siri ni yule mweupe. Nitaeleza yote mawili, kisha tuzungumzie masikio yake, maana hayo yananipa wasiwasi kuliko suala la ubaba.

Mamalia wote, kuanzia panya hadi tembo, hutumia aina mbili tu za rangi, zote zikiwa za jamii ya melanini. Eumelanini ni ile nyeusi au kahawia. Feomelanini ni ile ya wekundu, chungwa hadi manjano hafifu. Kijivu, rangi ya maziwa, udongo, yote hayo ni hizo hizo mbili zilizopunguzwa, zilizochanganywa, au zilizopangwa kwa zamu ndani ya unywele mmoja. Nyeupe haimo. Weupe ni mahali ambapo rangi haikuwekwa. Kwa hiyo paka wako "wa rangi tatu" ana rangi mbili na sehemu tupu, na sehemu hizo tupu zina chanzo chake tofauti kabisa na chanzo cha chungwa. Watu wengi hupotea hapa kwa sababu wanayatafutia mambo mawili maelezo mamoja.

Tuanze na chungwa. Jeni inayoamua paka awe wa chungwa au mweusi imekaa kwenye kromosomu X. Jike ana X mbili, moja kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba. Dume ana X moja tu, na hiyo lazima imetoka kwa mama, kwa sababu baba alimpa Y ndiyo maana akawa dume. Maana yake, katika suala la chungwa, baba hana sauti yoyote kwa wanawe wa kiume. Awe mweusi, awe wa chungwa, awe mweupe, ni mamoja.

Paka wako wa rangi tatu ana X moja yenye chungwa na X nyingine isiyo nayo. Kila mwanawe wa kiume anapata moja kati ya hizo, nusu kwa nusu. Umepata wawili wa chungwa na mmoja mweusi. Hakuna cha ajabu hapo, wala hakuna shume wa chungwa anayehitajika kwenye hadithi.

Kwa watoto wa kike mambo hubadilika, maana wao hupokea X ya baba pia. Shume mweusi ana X isiyo na chungwa, na ndiyo atakayowapa mabinti wake wote. Binti yake atakuwa mweusi, au atakuwa na mchanganyiko wa nyeusi na chungwa akipata X ya chungwa kutoka kwa mama. Hawezi kuwa wa chungwa mtupu. Ungeniandikia kwamba kuna jike wa chungwa mwili mzima asiye na doa jeusi, hapo ningekwambia bila kusita kwamba huyo si wa shume wako. Jirani ana hoja nzuri, ila ameielekeza kwa watoto wa kiume.

Jambo moja dogo kabla hajakurudia na hoja nyingine: milia ya hao madume wa chungwa haimaanishi kwamba baba yao ana milia. Karibu kila paka wa chungwa ana milia. Paka mweusi pia ana ramani ya milia mwilini, ila ana mabadiliko katika jeni iitwayo aguti yanayojaza weusi kila mahali hadi milia isionekane. Mabadiliko hayo hufanya kazi kwenye eumelanini. Kwenye feomelanini hayafui dafu, ndiyo maana milia ya paka wa chungwa hubaki wazi. Mtoe huyo dume mweusi kwenye jua la pembeni, umtazame ubavuni na kwenye mapaja. Akiwa bado mdogo, kuna uwezekano mkubwa utaona milia kama kivuli, nyeusi juu ya nyeusi. Itafifia akikua.

Jeni yenyewe ya chungwa ilisumbua watafiti kwa zaidi ya miaka 100. Walijua iko kwenye X, lakini hawakujua ni ipi. Mwaka 2025 makundi mawili, moja Marekani na jingine Japani, yalichapisha jibu lile lile: paka wa chungwa wamepoteza kipande cha DNA cha takriban herufi 5,000 katika eneo la jeni iitwayo ARHGAP36. Kukosekana kwa kipande hicho hakukuharibu protini. Kupotea kwake kumeiwasha jeni hiyo ndani ya seli za rangi, mahali ambapo kwa kawaida huwa imezimwa, na ikiwaka, seli huacha kutengeneza nyeusi na kutengeneza chungwa. Mamalia wengine wengi wenye manyoya mekundu, pamoja na binadamu wenye nywele nyekundu, hupitia njia nyingine, jeni ya MC1R, ambayo haiko kwenye X. Ndiyo maana mbwa au farasi hawana desturi hii ya kuwa na majike wa mabaka na madume wa rangi moja.

Na kwa nini mabaka, badala ya rangi ya katikati? Mwaka 1961 mwanasayansi Mwingereza Mary Lyon, aliyekuwa akichunguza panya, alipendekeza kwamba katika kiinitete cha jike kila seli huizima X moja na kuitumia nyingine. Uchaguzi ni wa bahati nasibu, lakini ukishafanyika haurudi nyuma: seli zote zinazozaliwa kutoka seli hiyo hufuata uamuzi ule ule. Baka la chungwa kwenye bega la paka wako ni ukoo wa seli zilizoizima X isiyo na chungwa. Baka jeusi lililo jirani yake ni ukoo uliofanya kinyume. Ramani hiyo haiwezi kurudiwa. Huko Texas, Desemba 2001, alizaliwa paka wa kwanza wa kunakiliwa kimaabara, aliyeitwa CC, kutoka kwa seli ya paka wa rangi tatu aitwaye Rainbow. DNA ilikuwa ile ile, lakini CC hakuwa na chungwa hata kidogo. Seli aliyotengenezwa nayo ilikuwa imeshaizima X ya chungwa.

Sasa mweupe. Seli zinazotengeneza melanini hazizaliwi kwenye ngozi. Huanzia kwenye mstari wa mgongo wa kiinitete, kandokando ya mahali ambapo uti wa mgongo utatokea, kisha husafiri kushuka pande zote mbili, kama mafundi wa rangi wanaoanzia juu ya paa na kuteremka ukutani. Wakichelewa, au wakiwa wachache, sehemu za mwisho hubaki tupu: tumbo, kifua, nyayo, ncha ya mkia, katikati ya uso. Ndiyo sababu ng'ombe, mbwa, farasi, sungura na paka wote huwa na weupe sehemu zile zile, na ni nadra kumwona mnyama mwenye mgongo mweupe na tumbo jeusi.

Jeni moja inayosimamia safari hiyo inaitwa KIT. Katika paka imeingiliwa na mabaki ya kirusi cha kale kilichojipachika kwenye DNA ya mababu zao. Mabaki hayo yana sura mbili. Moja humpa paka mabaka meupe, na mama wa watoto hawa anayo. Nyingine hufuta rangi mwili mzima, na nakala moja tu inatosha kumfanya paka awe mweupe pee, hata kama jeni zake nyingine zinasema mweusi, wa chungwa au wa milia. Zote zimefunikwa, hazikufutwa.

Hapa ndipo shume wako anapoponyoka. Kwa kuwa nakala moja inatosha, kila paka aliye nayo ni mweupe. Haiwezi kujificha ndani ya paka mweusi. Mama si mweupe, shume wako si mweupe, basi hakuna kati yao aliyeweza kumpa binti huyu jeni hiyo. Njia ya pili ni kwamba mtoto amepokea nakala mbili za ile ya mabaka, moja kwa kila mzazi, na weupe ukaenea hadi ukamaliza mwili wote. Lakini shume asiye na unywele mweupe hata mmoja si mtu wa kuaminiwa kuwa na nakala hiyo. Kwa njia yoyote utakayoipita, utakutana na shume mwingine mwenye weupe. Mimi nadhani alikuwa mweupe kabisa, na lile jicho la bluu linanisukuma zaidi upande huo.

Je, inawezekana watoto wa mimba moja wawe na baba wawili? Kwa paka, ndiyo. Yai la paka halitoki hadi apandwe, na hutoka siku moja au mbili baadaye. Katika muda huo jike aliye kwenye joto anaweza kupandwa na madume kadhaa. Lakini sitakudanganya kuhusu wengine wanne. Rangi zao zinakubaliana na shume wako, na zinakubaliana pia na shume mweupe, kwa sababu shume mweupe mwenye nakala moja ya jeni hiyo huwapa nusu tu ya watoto wake. Huenda wako ana wanne, huenda hana hata mmoja. Ukitaka uhakika, kipimo cha DNA kinatosha: usufi unasuguliwa ndani ya shavu la mama, la watoto na la shume. Binafsi sioni haja, ila najua mzaha wa jirani unaweza kuuma.

Tafadhali usiichukue hesabu hii ya paka ukaipeleka kwa watoto wa binadamu. Rangi ya ngozi yetu haitawaliwi na jeni moja inayowaka au kuzimika. Ni jeni nyingi, kila moja ikiongeza au kupunguza kidogo, na ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza kutofautiana sana. Nimeona watu wakitaka kuvunja ndoa kwa mantiki waliyoisoma kuhusu sungura.

Kuhusu mshtuko, mwambie mama mkwe kwa heshima kwamba jeni za mtoto hupangwa siku yai linaporutubishwa, na hofu ya baadaye haiwezi kuziingiza wala kuzitoa. Lakini usimcheke. Paka akipata homa kali au ugonjwa akiwa na mimba, watoto wanaweza kuzaliwa na manyoya ya rangi ya fedha au kijivu iliyopauka, na baada ya miezi michache manyoya ya kawaida huota. Rangi huathiriwa na joto la mwili. Paka wa Siam ni mfano mwingine: kimeng'enya chake cha rangi hushindwa kufanya kazi penye joto, kikafanya kazi kwenye baridi, ndiyo maana uso, masikio, miguu na mkia ni vyeusi na mwili ni mweupe. Ila homa haimpi mtoto jicho moja la bluu, na mtoto wako hakupauka. Hana rangi tangu kwenye mzizi.

Yeye si albino. Albino ana seli za rangi mahali pake zote, lakini kimeng'enya cha kutengeneza melanini ni kibovu, kwa hiyo rangi inakosekana kila mahali, macho yote mawili kwa pamoja. Mtoto wako ana jicho la manjano, na bila melanini jicho hilo lisingekuwa la manjano. Kwake mitambo ni mizima. Seli zenyewe ndizo hazikufika. Mchunguze pia kichwani, kati ya masikio. Watoto weupe wa aina hii mara nyingi huwa na alama ndogo ya kijivu, nyeusi au chungwa, kama amepakwa kidole chenye masizi. Ikiwepo, inakuonyesha rangi iliyofunikwa chini, na hupotea akikua.

Tofauti hiyo ndiyo inayotupeleka kwenye masikio. Sehemu ya sikio la ndani inayogeuza sauti kuwa ishara inahitaji seli za rangi, kwa kazi isiyohusu rangi kabisa: husaidia kutunza kiwango cha potasiamu katika maji yanayojaza sehemu hiyo. Seli hizo zisipofika, sikio la ndani hunyauka katika wiki za mwanzo za maisha. Albino huwa anazo, ndiyo maana kwa kawaida husikia. Paka mweupe kama wako anaweza kuzikosa. Charles Darwin aligusia uhusiano huu wa macho ya bluu na uziwi kwa paka mwaka 1859, ingawa hakuwa na namna ya kuueleza. Takwimu zinazotumika sana ni hizi: kati ya paka weupe wasio na jicho la bluu, asilimia 17 hadi 22 huzaliwa viziwi, wenye jicho moja la bluu ni karibu asilimia 40, wenye yote mawili, asilimia 65 hadi 85. Mwenye jicho moja la bluu mara nyingi hukosa kusikia upande wa jicho hilo tu.

Seli za mstari ule ule wa mgongo hutoa pia vitu vingine, zikiwamo neva za utumbo, na wafugaji wa wanyama tofauti wamelipa gharama kwa kutolijua hilo. Kuna aina ya farasi wa mabaka ambao wazazi wawili wakibeba nakala moja moja ya jeni fulani, mwana akipata mbili huzaliwa mweupe na utumbo usio na neva, na hufa ndani ya siku chache. Mbwa wawili wenye manyoya ya marumaru wakipandishwa, watoto wanaopata nakala mbili wako hatarini kuwa viziwi na vipofu. Weupe wenyewe si ugonjwa. Dubu wa barafu ana manyoya yasiyo na rangi juu ya ngozi nyeusi na maisha yake yako sawa. Swali ni jeni ipi imeuleta.

Kumjaribu nyumbani, usipige makofi karibu naye wala usikanyage sakafu kwa kishindo, maana atahisi upepo au mtetemo na utadhani amesikia. Ngoja alale peke yake, mbali na ndugu zake, kwani mtoto kiziwi hujifunza haraka kuamka wenzake wakiamka. Simama nyuma yake, upige mluzi mfupi au utikise funguo, na utazame masikio badala ya mwili. Sikio linalosikia hugeuka hata kama mwenyewe hataki kuamka. Asipogeuza mara kadhaa kwa siku tofauti, kuna uwezekano mkubwa hasikii pande zote mbili. Uziwi wa upande mmoja hutauona kwa njia hii. Kipimo cha kweli hufanywa na daktari wa mifugo kwa nyaya ndogo zinazosoma ishara za ubongo sauti inapopigwa kila sikio, na umri wa wiki kumi unafaa. Kisipopatikana, mchukulie tu kuwa hasikii. Hakuna dawa ya uziwi huu, wala hauna maumivu.

Mpeleke kwa daktari bila kusubiri kama anajikuna masikio, anainamisha kichwa upande mmoja, au masikio yanatoa uchafu na harufu. Hayo mara nyingi ni maambukizi, yanatibika, na hayana uhusiano na rangi. Nyumbani, asitoke nje peke yake, hasa penye magari na mbwa. Mwamshe kwa kubonyeza kitanda chake kabla ya kumgusa. Usishangae akikua akilia kwa sauti kubwa kuliko wenzake, maana haisikii sauti yake mwenyewe. Mkinge pia na jua kali la mchana, kwani ncha za masikio, pua na kope zisizo na rangi hupata saratani ya ngozi kwa urahisi. Kigaga kwenye ncha ya sikio kisichopona ni cha kuonyeshwa kwa daktari mapema, wakati bado ni kidogo.

Mwisho, madume wa rangi tatu. Hutawapata kwa mpango huo. Rudi kwenye hesabu ya X: kila dume atapokea X moja ya mama, kwa hiyo atakuwa wa chungwa au mweusi, awe na weupe au asiwe nao. Dume wa rangi tatu hutokea mgawanyo wa kromosomu unapokosewa, akapata X mbili na Y moja. Makadirio ya kawaida ni mmoja kati ya paka 3,000 wa rangi tatu, na karibu wote ni tasa. Hakuna ukoo wao wa kuendeleza. Kaka na dada usiwapandishe kwa sababu yoyote; jeni mbovu zilizojificha kwa wazazi hukutana mara mbili kwa watoto wa namna hiyo. Huyo mweupe naye asizalishwe, maana kila mtoto wake atakuwa na nafasi ya nusu kwa nusu ya kuwa mweupe, pamoja na hatari ya masikio. Muda ulio nao ni mfupi kuliko unavyofikiri: jike anaweza kuingia kwenye joto akiwa na miezi minne, na mama anaweza kubeba mimba nyingine kabla hajamaliza kunyonyesha. Watenganishe madume na majike ifikapo miezi mitatu na nusu, na uzungumze na daktari wa mifugo sasa hivi kuhusu kuwahasi wote, shume wako akiwamo.